Nataka kikao cha watu wanaoacha pombe, nianzie wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Kwa miaka sita sasa nakunywa kila jioni, siku hizi ni karibu nusu chupa ya pombe kali, na asubuhi nazimua kidogo ili mikono iache kutetemeka kabla sijatoka. Nimeamua kuacha. Nasikia kuna vikao vya watu wanaosaidiana lakini sijui pa kuvipata. Kimoja nilikiona kwenye orodha ya mtandaoni, nikafika nikakuta mlango una kufuli. Mtu mmoja ameniambia hayo ni mambo ya kanisa, mwingine anasema unasimamishwa mbele ya watu ueleze maovu yako yote. Naogopa pia kukutana na mtu anayenifahamu. Nikikipata kikao nimepanga kukaa siku tatu bila tone kabla ya kwenda, nisije nikaingia nanuka pombe. Nianzie wapi?"

Dada yangu, asante kwa kuandika bila kuficha. Umeuliza kikao kinapatikana wapi na jibu lake ninalo, tena refu. Ila kuna mambo mawili kwenye barua yako ambayo siwezi kuyapita: mikono inayotetemeka asubuhi, na hizo siku tatu bila tone. Tuyamalize hayo kwanza, kwa sababu yana hatari kuliko kukosa kikao.

Pombe hutuliza ubongo. Huipa nguvu kemikali inayopunguza kasi ya mawasiliano ya ubongo, iitwayo GABA, na kuikandamiza ile inayochangamsha, glutamati. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha ili aendelee kuwa macho na kufanya kazi: breki zake unazilegeza na mafuta unayakanyaga. Pombe ikikatika ghafla, marekebisho hayo hayaondoki siku hiyo hiyo, kwa hiyo mwili unabaki unakwenda mbio bila kizuizi. Kutetemeka kwako asubuhi maana yake ni kwamba saa chache za usingizi tu zinatosha kukufikisha hapo. Na kuzimua kunakutuliza kwa sababu unaurudishia ubongo kile ulichouzoesha.

Mambo haya yana saa zake. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na wasiwasi huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani, hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48. Halafu kuna kuweweseka kukali ambako madaktari hukuita deliriamu tremensi: mtu hajui alipo, anaona wadudu au watu wasiokuwepo, mwili unachemka, shinikizo la damu linapanda. Hii huja mara nyingi kati ya saa 48 na 96, na isipotibiwa inaweza kuua. Sasa hesabu siku zako tatu. Ni saa 72. Ungekuwa njiani kuelekea kikaoni, pengine peke yako, katikati ya kipindi kibaya kuliko vyote.

Kwa hiyo, kabla ya kukata pombe, nenda kliniki au hospitali. Mweleze daktari kiasi halisi unachokunywa, kwa miaka mingapi, unavyozimua asubuhi, kama umewahi kuanguka au kuona maruweruwe, dawa nyingine unazotumia, na kama una mimba. Usipunguze hesabu kwa aibu, kwa sababu kiwango cha dawa yako kinategemea hesabu hiyo. Daktari ndiye ataamua kama uachie nyumbani ukiwa na mtu wa kukuangalia au ulazwe. Matibabu ya kawaida ni dawa za kundi la benzodiazepini, kama vile diazepamu, zinazopunguzwa hatua kwa hatua kwa muda wa kama wiki moja, pamoja na thiamini, yaani vitamini B1. Thiamini si nyongeza ya mapambo. Mnywaji wa muda mrefu huishiwa nayo, na ikikosekana kabisa ubongo huumia: macho yanayumba, mwendo unapepesuka hata bila pombe, akili inachanganyika. Diazepamu usijinunulie mwenyewe. Ikikutana na pombe inaweza kukuzimia pumzi usingizini.

Mpaka utakapoonwa na daktari usiikate pombe ghafla, na usiongeze. Anayeishi nawe ajue jambo moja: ukianguka kifafa, ukianza kuongea na watu wasiokuwepo, ukichanganyikiwa, ukipata homa au ukatapika bila kukoma, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mtu aliyeanguka alazwe ubavu, vitu vya kumuumiza viondolewe karibu naye, na asitiwe kitu chochote mdomoni.

Na sasa habari njema inayotokana na hayo. Huhitaji kuwa umeshaacha ndipo uende kikaoni. Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe ambao wengi wanauita AA tu, ina sharti moja la kuwa mwanachama: nia ya kuacha kunywa. Nia, siyo siku ulizohesabu. Ukienda ukiwa umekunywa siku hiyo, vikundi vingi vitakuomba usikilize tu bila kuchangia, na usiingie na pombe kwenye mkoba. Harufu unayoihofia wanaifahamu wote waliomo chumbani. Ila usiendeshe gari. Omba mtu akupeleke.

Nimetaja AA kwa sababu ndilo jina utakalolikuta mara nyingi zaidi, lakini kwanza nikuambie namna ya kutafuta, maana njia ni ileile kwa kikundi chochote. Kosa la wengi ni kutafuta anwani. Tafuta mtu. Anwani inaweza kuwa na kufuli, kama ulivyoona, na hata ikiwa wazi utasimama ng'ambo ya barabara ukiwaangalia wanaoingia, kisha utarudi nyumbani. Ukijua kuna mtu mlangoni anayekusubiri kwa jina, mambo hubadilika. Mwaka 1981 lilichapishwa jaribio dogo lililohusu watu 20 waliokuwa wakitibiwa ulevi. Nusu yao walipewa taarifa za vikao na kuhimizwa kwenda. Nusu nyingine walipigiwa simu mwanachama wa AA palepale mbele yao, wakazungumza naye, naye akajitolea kwenda nao. Wa kundi la pili walifika wote. Wa kundi la kwanza hakufika hata mmoja. Watu 20 ni wachache, nakubali, lakini tofauti hiyo inaendana na kinachoonekana kliniki kila siku.

AA yenyewe ilizaliwa kwa simu ya namna hiyo. Mei 1935, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikuwa hotelini mjini Akron, Marekani, biashara imemwendea vibaya na baa iko hatua chache kutoka alipo. Badala ya kuingia baa alianza kupigia simu viongozi wa makanisa akiomba kukutanishwa na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Simu zile zikamfikisha kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, na hao wawili ndio waanzilishi wa AA.

Basi anza hivi. Tovuti rasmi ya AA ina ukurasa wa kutafuta vikao kwa nchi, na kuna programu ya simu iitwayo Meeting Guide inayoonyesha vikao vilivyo karibu na ulipo. Usichukue anwani peke yake. Chukua namba ya simu au barua pepe ya ofisi ya eneo hilo. Kisha piga, au tuma ujumbe mfupi kama huu: "Habari. Natafuta kikao cha AA. Ni mara yangu ya kwanza. Je, kikao cha Jumanne bado kipo, ni saa ngapi, na mlango ni upi? Kuna mwanamke ninayeweza kuzungumza naye kabla ya kuja?" Inatosha. Huna haja ya kutaja jina lako la ukoo wala kueleza historia yako. Ukipiga, subiri mtu wa kujitolea akurudie. Wengi wao wana kazi zao za kutwa. Usipopata jibu ndani ya siku mbili, tafuta namba nyingine kabla ya kukata tamaa.

Kwa nini ulikuta kufuli? Mara nyingi sababu ni ndogo. Vikundi hivi havina majengo. Huazima ukumbi, darasa au chumba cha ofisi, na mwenye chumba akikihitaji kikao huhama. Wanaosahihisha orodha ni watu wa kujitolea, kwa hiyo tangazo linaweza kuchelewa miezi. Wakati mwingine kikao kipo lakini kinaingilia mlango wa nyuma, au kipo ghorofani na lango la mbele hufungwa jioni. Halafu kuna mtego unaowanasa watu wetu hasa: orodha imeandikwa 7:00 PM, mtu akaisoma saa saba. Hiyo ni saa moja usiku. Kama imeandikwa 19:00, ni hiyo hiyo saa moja. Linganisha kabla ya kutoka, na ufike dakika kumi mapema, kwa sababu wanaopanga viti ndio wenye muda wa kumpokea mgeni.

Kama orodha hazikusaidii, uliza penye watu wanaopitiwa na jambo hili kila siku: idara ya afya ya akili ya hospitali, mshauri nasaha, nyumba za kupata nafuu ambazo wengi huziita soba. Nyumba hizo mara nyingi huendesha vikao vinavyopokea hata watu wasiolala hapo. Swali la kuuliza ni hili: "Mna kikao kinachopokea watu wa nje, na ni siku gani?" Siku utakayokwenda kuonana na daktari kuhusu kuacha kwa usalama, muulize hapohapo. Hata zaidi, mwombe apige simu ukiwa umekaa mbele yake.

Kwenye orodha za Kiingereza utaona herufi ndogo pembeni ya kila kikao. O ni kikao cha wazi: mtu yeyote anaruhusiwa, hata mume wako au dada yako wa kukusindikiza. C ni kilichofungwa: ni cha wenye tatizo la pombe, au wanaodhani wanalo. Wewe unaruhusiwa kote kuwili. Vipo pia vya wanawake pekee, na vya wanaoanza. Kama uko katika hali ya kuogopa macho ya wanaume, anza na cha wanawake. Hapo mazungumzo huwa wazi zaidi juu ya mambo ambayo kwenye kikao cha mchanganyiko huyasikii.

Ndani kuna nini? Viti vya duara au vya safu, meza yenye vitabu na vipeperushi, mara nyingi chai. Mwenyekiti, ambaye ni mlevi kama wengine na kazi hiyo huzungushwa, anafungua kwa kusoma maneno mafupi ya utambulisho. Husomwa hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe. Kisha ama mtu mmoja anaeleza alikotoka, au watu wanachangia kwa zamu juu ya mada. Hakuna anayemkatiza mwingine, wala kumjibu, wala kumpa ushauri mbele ya wote. Hiyo ni desturi inayolindwa kwa nguvu. Huchukua saa moja, au saa moja na nusu. Zamu ikikufikia unaweza kusema jina lako la kwanza na "leo nasikiliza tu," na zamu inapita. Hakuna anayekusimamisha mbele. Alichokuambia yule mtu pengine kilitokana na hatua ya tano, ambapo mwanachama huyaeleza makosa yake, lakini hilo hufanywa faragha na mtu mmoja anayemwamini, baada ya muda, akiwa tayari mwenyewe.

Kuna kapu litakalopitishwa. AA hujiendesha kwa michango ya wanachama wake na haipokei fedha za nje, lakini hakuna ada, na mgeni hatarajiwi kutoa kitu. Pia wanaweza kugawa sarafu ndogo za kumbukumbu kwa waliotimiza saa 24, mwezi, mwaka. Ukipewa ile ya saa 24, ipokee. Hakuna anayekuandika popote.

Kuhusu dini, walichokuambia kina nusu ya ukweli. Hatua 12, zilizochapishwa mwaka 1939, zinamtaja Mungu waziwazi na kuongeza "kama tulivyomwelewa." Vikao vingi hufungwa kwa sala. Lakini AA haina uhusiano na dhehebu lolote, na kikao kuwa ndani ya ukumbi wa kanisa maana yake ni kwamba ukumbi ulipatikana, basi. Wapo Waislamu, Wakristo, na wasio na dini wanaokaa kwenye viti hivyo kwa miaka. Ukitaka kunyamaza wakati wa sala, nyamaza. Vikundi navyo hutofautiana sana: kimoja kitakuwa kizito kwa maombi, cha pili hakitaji Mungu zaidi ya yale yaliyoandikwa. Kama lugha hiyo inakukera kabisa, usijilazimishe, njia nyingine zipo.

SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, haitumii hatua wala sala. Inatumia mbinu za tiba ya fikra na tabia: unaandika faida na hasara za kunywa na za kuacha, unafuatilia kiu ya pombe inapanda saa ngapi na nini kiliitangulia, unapanga la kufanya kabla haijafika. Mwezeshaji wake amefunzwa, na washiriki huruhusiwa kujibizana na kushauriana. Women for Sobriety ni ya wanawake tu, tangu 1975. Blue Cross ilianzia Uswisi mwaka 1877, ina msingi wa Kikristo, na ina vyama katika nchi nyingi. Tofauti ya kweli kati ya hizi zote kwako ni upatikanaji. AA ina vikao vingi zaidi kuliko zote, kwa hiyo katika maeneo mengi ndiyo pekee unayoweza kuihudhuria mara tatu kwa wiki kwa miguu yako. Nyingine huenda ukazipata mtandaoni tu.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2020 Cochrane, taasisi inayochambua ushahidi wa tiba, ilikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Programu zilizoandaliwa kuwaingiza watu AA zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine zinazotambulika, kama ile ya fikra na tabia, katika jambo moja hasa: watu kukaa bila kunywa kabisa kwa muda mrefu. Katika vipimo vingine, kama kiasi wanachokunywa waliorudia, zilikwenda sawa na hizo nyingine. Zingatia kwamba nyingi ya tafiti hizo zilihusu watu walioshikwa mkono na mtaalamu mpaka ndani ya kikundi. Kuhusu kwa nini inasaidia, maelezo yenye uzito zaidi ni ya kawaida kabisa: watu unaoshinda nao hubadilika. Unapungukiwa na wanaokualika kunywa, unaongezewa wanaopokea simu saa nne za usiku.

Ndiyo maana nakushauri uchague kikao kwa kigezo kinachoonekana cha kipuuzi: urahisi wa kurudi. Kikao kizuri sana kilicho mbali utakwenda mara mbili. Cha kawaida kilicho karibu, saa ambayo ulikuwa ukifungua chupa, utakwenda hata ukiwa umechoka. Wewe unakunywa jioni, kwa hiyo tafuta cha jioni. Na usihukumu kwa mara moja. Jaribu vikao sita hivi, vya vikundi tofauti, kabla ya kusema hakikufai. Wakongwe wa AA hupendekeza vikao 90 kwa siku 90. Hiyo ni mila yao, si agizo la daktari, ingawa mantiki yake naielewa, kwa sababu miezi mitatu ya mwanzo ndiyo wengi hurudia pombe.

Usitoke mbio mkutano ukiisha. Zile dakika kumi na tano za kukunja viti ndizo za thamani kwako. Mwendee mwanamke aliyesema kitu kilichokugusa, mwombe namba yake. Ondoka na namba tatu, na kesho yake piga moja hata kama huna la kusema, ili siku ya kiu ikija simu hiyo isiwe ya kwanza. Baadaye utatafuta wa kukuongoza katika hatua, wanayemwita sponsa: mwanamke mwenzako, mwenye angalau mwaka mmoja bila pombe. Ukimchagua na msielewane, unaruhusiwa kubadili.

Kukutana na mtu anayekufahamu kunawezekana, sikudanganyi. Hata hivyo yeye naye utamkuta amekaa pale, na sababu yake ya kuwepo ni hiyo hiyo yako. Kutotajana nje ni desturi ya msingi ya AA. Ila ni desturi, haina nguvu ya sheria kama siri ya daktari na mgonjwa. Kwa hiyo yale yanayoweza kukuletea kesi, au kumwanika mtu mwingine, mwambie mshauri nasaha faragha, usiyamwage kikaoni. Kama hofu bado ni kubwa, nenda kikao cha mtaa mwingine kwa mwezi wa kwanza.

Au anza mtandaoni. Kuna orodha ya kimataifa ya vikao vya AA vya mtandaoni, na SMART Recovery nayo ina vyake, mchana na usiku. Zima kamera, na kabla ya kuingia badilisha jina linaloonekana, maana simu nyingi huonyesha jina kamili la mwenye akaunti. Hakikisha saa iliyotajwa ni ya mji gani. Udhaifu wake ni kwamba ni rahisi kutoweka bila mtu kukuulizia, kwa hiyo chagua kimoja na uingie siku ileile kila wiki mpaka wakujue.

Kuna mambo yakitokea, ondoka utafute kikundi kingine. Anayekudai fedha ili uendelee. Anayepiga picha. Mwanaume mwenye miaka mingi ya kuacha anayekuzoea kimapenzi ukiwa na wiki mbili. Tabia hiyo inajulikana na vikundi vyenye afya huikemea. Na anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa. Hilo la mwisho nalisikia mno. AA yenyewe, katika machapisho yake, inasema hakuna mwanachama anayepaswa kujifanya daktari.

Nalisisitiza kwa sababu zipo dawa zinazosaidia kutorudia pombe, na haziko kinyume na vikao. Naltreksoni hupunguza raha ya kunywa na kiu yake, lakini haifai kwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Akamprosati huwasaidia zaidi walioacha tayari, na figo lazima zipimwe. Disalfiramu hukufanya uugue ukigusa pombe: uso kuwaka, kutapika, moyo kwenda mbio. Hii mgonjwa aimeze kwa kujua. Kama kuna ndugu anayefikiria kukuwekea kwa siri kwenye chakula, mwonyeshe sentensi hii: inaweza kuua. Kikundi hakitibu pia sonona, wala kumbukumbu za ukatili, wala ini. Ukiwa na mawazo ya kujiua, au macho yameanza kuwa ya manjano, hayo ni ya daktari, na hayangoji siku ya kikao.

Mume wako, au yeyote aliye karibu nawe, ana vikao vyake: Al-Anon, tangu 1951, kwa ajili ya jamaa za walevi. Hahitaji kukusubiri wewe uanze.

Ukitafuta kote na eneo lako likawa halina kitu, kikundi kinaweza kuanza na watu wawili. Wanachohitaji ni chumba, siku isiyobadilika, saa isiyobadilika, na maandishi ya AA, ambayo ofisi zake husaidia kuyapata. Lakini usianzishe chochote ukiwa bado kwenye wiki za mwanzo. Tumia vya mtandaoni kwanza, upate sponsa, ndipo uwaulize kliniki kama wanaye mwingine anayetafuta kama wewe.

Ukirudia kunywa baada ya kikao cha tatu au cha kumi, nenda cha kumi na moja. Ukiwa umekunywa siku kadhaa mfululizo, anzia tena kliniki kabla ya kukata, kwa sababu kutetemeka kunaweza kuwa kukali kuliko mara ya kwanza. Wiki hii fanya mawili tu: weka miadi na daktari, na tuma ule ujumbe.